Siti binti Saad

Zamani njia kuu ya misafara ilitoka Ujiji, katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, ikapita Unyamwezi hata Bagamoyo, ng'ambo ya Unguja. Katika njia hiyo wapagazi walichukua pembe za ndovu, na watumwa wengi walipelekwa pwani, waume kwa wake. Wengi wao hawakurudi tena makwao.

Katika kisiwa cha Unguja alikuwako mtu mmoja, jina lake Saad, kabila lake Mnyamwezi. Mkewe alikuwa Mzigua. Wote wawili walikuwa watumwa. Yapata mwaka 1880 walipata binti katika kijiji cha Fumba, naye akaitwa Mtumwa, maana ndiyo hali aliyozaliwa nayo.

Mtoto huyo hakupata elimu. Alijifunza kufinyanga vyungu, kisha akavichukua kichwani mpaka mjini, akivitembeza na kuvinadi kwa kuimba. Sauti yake ilifika mbali kuliko miguu yake.

Mwaka 1897 Sultani alitoa amri ya kuondoa utumwa Unguja. Mwaka 1911 binti Saad akahamia mjini. Huko wapigaji wa udi na fidla wakamfundisha kuimba kwa kufuata vyombo. Jina la Mtumwa likaachwa, watu wakamwita Siti, maana yake bibi mwungwana.

Siku zile taarabu iliimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa. Siti aliimba kwa Kiswahili, hata wachukuzi na wafinyanzi wakafahamu maneno. Wenye husuda walimcheka kwa asili yake na kwa sura yake. Yeye hakugombana nao. Aliwajibu kwa wimbo, na wimbo ukaishi kuliko kicheko chao.

Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wenzake mpaka Bombay, katika Bara Hindi, na nyimbo zao zikatiwa katika santuri. Tangu hapo mtu aliyekuwa mbali sana na Unguja aliweza kumsikia akiimba.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, na Shaaban Robert akaandika habari za maisha yake. Jina la Siti alipewa kwa sababu ya kazi yake. Jina la Saad, yule Mnyamwezi aliyekuwa mtumwa, hakulitupa. Majina hayo mawili husomwa pamoja mpaka leo.