Kabaka Aliyekuwa Mwanafunzi

Wengi wetu twamjua Sir Edward Mutesa wa Pili kwa habari za kiti chake cha enzi. Mimi napenda kuwaeleza habari za masomo yake, kwa sababu sisi wa Makindye tuna fungu letu kwake. Alizaliwa hapa hapa Makindye, tarehe 19 Novemba 1924, nyumbani kwa Daktari Albert Cook, mwanzilishi wa hospitali ya Mengo. Baba yake alikuwa Kabaka Daudi Chwa.

Alisoma King's College Budo, shule ya bweni iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1906. Mwezi wa Novemba 1939 baba yake alifariki, na kijana huyu wa miaka 15 akachaguliwa kuwa Kabaka. Hebu fikirini, ndugu zangu: wazee wampigia magoti, naye bado ana mitihani! Wakubwa watatu walishika mambo ya nchi kwa niaba yake, naye akaendelea kusoma. Alipotimiza miaka 18, mwaka 1942, alitawazwa juu ya kilima kile kile cha Budo, mahali pa kutawazia Makabaka tangu kale. Alisoma pia Makerere, ambayo siku zile ilikuwa chuo kidogo.

Mwaka 1945 alikwenda Uingereza, akaingia Magdalene, chuo kimoja kidogo cha Cambridge. Huko wanafunzi hukaa chuoni, hula pamoja katika ukumbi mmoja, na kila mmoja huenda na insha yake kwa mwalimu ili aulizwe na kusahihishwa. Vita vilikuwa vimekwisha karibuni tu. Chakula kilinunuliwa kwa vibali, na wanafunzi wengi walikuwa askari waliorudi vitani. Wala huko si desturi mtu kumpigia magoti mwenziwe. Alirudi nyumbani mwaka 1947.

Je, elimu hiyo ilimfaa nini? Mwaka 1953 watu wa Buganda waliogopa kuunganishwa na Kenya na Tanganyika. Kabaka alidai Buganda ipewe uhuru wake peke yake. Gavana, Sir Andrew Cohen, ambaye naye alisoma Cambridge, alimtaka akubali masharti ya Serikali. Alikataa. Tarehe 30 Novemba akatiwa katika ndege, akapelekwa London siku ile ile. Hakurudi mpaka tarehe 17 Oktoba 1955, na raia zake walifurahi kupita kiasi.

Uganda ilipata uhuru mwaka 1962, na mwaka uliofuata akawa Rais wa kwanza. Basi, mtu mmoja akawa Mfalme wa Buganda na Rais wa Uganda yote, na wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mwaka 1964 watu wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura kurudi Bunyoro. Rais alipaswa kukubali jambo ambalo Kabaka hakuweza kulikubali. Ugomvi wake na Milton Obote, ambaye naye alipitia Makerere, ukazidi. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilishambulia jumba lake la Mengo, watu wengi wakafa. Yeye aliponyoka, akafika London, na huko alifariki tarehe 21 Novemba 1969, siku mbili baada ya kutimiza miaka 45. Mwaka 1971 mwili wake ulirudishwa, akazikwa Kasubi.

Ndugu wanafunzi, Mutesa, Cohen na Obote wote walikaa katika vyuo vyenye sifa, wala hakuna aliyepungukiwa na vitabu. Walakini hawakupatana. Kwa hiyo mimi naona tusidhani kwamba cheti peke yake kitatupatanisha siku tutakapopewa kazi za nchi. Bwenini twalala pamoja, watu wa makabila mengi, na kila jioni tuna nafasi ya kumsikiliza mwenzetu tusiyekubaliana naye. Somo hilo halimo katika mtihani, lakini tukiondoka hapa bila kulijua, hatujui ni nani atakayetufundisha.