Chögyam Trungpa, mwalimu asiyeulizwa

Tangu miili ilipoanza kufukuliwa kule Shakahola mwaka 2023, barazani hatuachi kuulizana: watu wazima waliwezaje kumtii mtu hadi kufikia pale? Jibu la haraka ni kwamba hawakusoma. Mimi silikubali, na sababu yangu ni maisha ya Chögyam Trungpa, mwalimu wa Kibudha aliyefuatwa na maprofesa na washairi wa Marekani.

Alizaliwa Kham, mashariki mwa Tibet, mnamo 1939. Angali mtoto mchanga, walisema yeye ndiye Trungpa wa 11 aliyerudi duniani, akalelewa awe mkuu wa nyumba za watawa za Surmang. Mwaka 1959 aliyakimbia majeshi ya China, akavuka milima hadi India. Mwaka 1963 alikwenda Oxford, na 1967 akashiriki kuanzisha kituo cha Samye Ling, Scotland. Kufundisha alijua, hilo simnyimi.

Mwaka 1969 gari lake liligonga duka, akapooza upande wa kushoto. Akaacha utawa, na Januari 1970 akaoa msichana wa miaka 16. Mwaka huohuo akahamia Amerika. Huko Colorado alianzisha jumuiya ya Vajradhatu na taasisi ya Naropa. Alikunywa pombe waziwazi, akalala na wanafunzi wake wengi wa kike. Kila jambo lilipewa tafsiri: mwalimu wa daraja ile hapimwi kwa vipimo vyetu, hata ulevi wake ni somo, na ukiona aibu basi kasoro ni yako. Ukishaikubali tafsiri hiyo, utamshtaki kwa nani?

Mwaka 1975, kwenye mafunzo ya miezi kadhaa kule Snowmass, palifanywa sherehe usiku. Mshairi W. S. Merwin na mwenzake wa kike waliondoka mapema, wakajifungia chumbani. Trungpa akaamrisha waletwe. Wanafunzi wakavunja mlango. Merwin akajitetea kwa chupa iliyovunjika, watu wakaumia, lakini mwisho wakaburutwa hadi mbele ya mwalimu, wakavuliwa nguo kwa nguvu. Yule mwanamke alilia aitiwe polisi. Hakuna aliyeita. Mtu mmoja tu alijaribu kuzuia, na Trungpa akampiga. Ukumbi ulikuwa umejaa wasomi! Na kinachonisumbua zaidi ni kwamba wawili wale walibaki mpaka mafunzo yakaisha.

Mwaka uliofuata Trungpa alimteua Mmarekani, Ösel Tendzin, kuwa naibu na mrithi wake. Pombe ilimmaliza Trungpa mwaka 1987, Halifax, Kanada, hajafika miaka 50. Mwishoni mwa 1988 ikabainika kwamba mrithi alijua ana virusi vya Ukimwi, na bado aliendelea kulala na wafuasi bila kuwaambia. Kijana mmoja aliambukizwa. Baadhi ya viongozi wa jumuiya walikuwa wanajua, wakanyamaza.

Mwaka 1993 walimu wa Kibudha wa nchi za Magharibi walikutana na Dalai Lama huko Dharamsala, wakatoa waraka: mwalimu anayedhulumu akabiliwe, na asipojirekebisha atangazwe hadharani. Miaka 25 baadaye, 2018, mwana wa Trungpa, aliyekuwa ndiye mkuu wa jumuiya, aliacha kufundisha kwa muda baada ya wanawake kumtuhumu kwa unyanyasaji wa kingono.