Aleck Bourne: daktari aliyetaka ashtakiwe

Tukizungumzia afya ya uzazi, swali moja hurudi tena na tena, iwe Rubafu au vijiji vingine vya kando ya ziwa. Mjamzito akiwa katika hatari ya kufa, na daktari akaitoa mimba ili kumwokoa, je, daktari huyo atafungwa? Ili kulijibu, inabidi twende London, mwaka 1938, kwa daktari aitwaye Aleck Bourne.

Bourne alizaliwa Uingereza mwaka 1886. Alibobea katika magonjwa ya wanawake na uzazi, akawa daktari bingwa katika Hospitali ya St Mary's jijini London, na vitabu vyake vya ukunga vilisomwa na wanafunzi wa udaktari. Alikuwa mtu wa heshima zake, asiye na shida ya kujitafutia kesi.

Lakini sheria ilimsumbua. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1861 iliweka adhabu ya hadi kifungo cha maisha kwa mtu anayetoa mimba isivyo halali. Haikusema ni lini inakuwa halali. Madaktari wengi waliogopa kuigusa. Mwanamke mwenye fedha aliweza kupata daktari kimyakimya. Maskini aliishia mikononi mwa wasio na ujuzi, na wengine walikufa.

Aprili 1938, binti wa miaka 14 alibakwa na askari jijini humo, akapata mimba. Hospitali ya kwanza haikumsaidia. Daktari mwanamke, Joan Malleson, akamwandikia Bourne kumwomba msaada. Bourne alimlaza binti yule na kumwangalia kwa siku kadhaa kabla ya kuamua. Alipoona kwamba kuendelea na mimba ile kungemharibu akili na mwili, aliitoa tarehe 14 Juni, kwa idhini ya wazazi na bila kutoza hata senti. Polisi walipofika hospitali hakujificha. Aliwaeleza alichofanya na kuwataka wamkamate, ili mahakama iseme wazi sheria ina maana gani.

Kesi ilisikilizwa Julai mwaka huohuo. Jaji Macnaghten aliwaeleza wazee wa baraza kwamba kuokoa uhai wa mama hakuwezi kutenganishwa kabisa na kulinda afya yake. Daktari akiamini kwa dhati, na kwa sababu za msingi, kwamba mimba itamwacha mama akiwa ameharibika kabisa kimwili au kiakili, anaweza kuhesabiwa kuwa anaokoa uhai wake. Bourne akaachiwa huru.

Hukumu hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1959, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyohudumia pia Tanganyika, iliifuata katika kesi ya daktari mmoja kutoka Kenya. Hapa kwetu, Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza bado inasimama. Kifungu cha 150 kinampa anayetoa mimba isivyo halali hadi miaka 14 jela, na cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Lakini kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi, ili kuokoa uhai wa mama. Kwa hiyo jibu la swali letu ni kwamba sheria inamlinda daktari huyo.

Bourne mwenyewe hakutaka mlango ufunguliwe wazi. Bunge la Uingereza lilipojadili na kupitisha sheria pana zaidi mwaka 1967, alikuwa upande wa waliopinga. Aliona yeye alitetea mgonjwa mmoja aliyekuwa hatarini, si kila anayetaka kutoa mimba. Alifariki mwaka 1974, akiwa na miaka 88, na hadi leo kila upande wa mjadala huu humtaja.

Kwetu mjadala haujaisha. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, inayozitaka nchi ziruhusu utoaji mimba kitabibu kwa aliyebakwa, aliyepewa mimba na ndugu wa damu, au ambaye mimba inahatarisha afya au uhai wake. Kanuni yetu ya Adhabu haijabadilishwa kuendana na hilo. Binti wa miaka 14 aliyebakwa leo hapa Kagera bado anategemea daktari atakavyokielewa kifungu kimoja. Wapo wanaotaka Bunge liandike wazi, wapo wanaopinga kwa imani zao, na wote ni majirani zetu.

Jambo moja tu halina ubishi. Mimba ikiharibika, kwa sababu yoyote ile, mama anayetokwa damu ana haki ya kutibiwa, na mhudumu anayemtibu havunji sheria. Usimfiche ndani kwa aibu au kwa hofu ya polisi. Mtafutie usafiri, usiku huohuo, umfikishe zahanati au kituo cha afya kilicho karibu.