Carl von Linde na Hewa Iliyogeuka Maji

Carl von Linde alizaliwa mwaka 1842 katika kijiji cha Berndorf, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji, naye alitaka mwanawe aifuate kazi hiyo. Lakini moyo wa kijana ulikuwa katika mashine. Akaenda kusoma Zurich, na mwaka 1864, kabla hajapata cheti, akafukuzwa kwa ajili ya ghasia za wanafunzi. Mwalimu wake mmoja akamtafutia nafasi ya kujifunza kazi katika kiwanda cha pamba. Hata mwaka 1868 mtu huyu asiye na cheti akawa mwalimu katika chuo cha ufundi cha Munich.

Kwanza alibuni mashine za kufanyiza barafu, zikapendwa sana na watengenezaji wa bia. Kisha akataka kupoza hewa yenyewe mpaka igeuke maji. Bila shaka umepata kushika bomba la baiskeli wakati wa kutia upepo, ukaona lina moto. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Ikiachiliwa katika tundu dogo hupoa. Linde aliishindilia hewa kwa nguvu nyingi, akaipoza, akaiachilia. Kisha ile iliyopoa akairudisha kando ya bomba la hewa iliyokuwa ikija, ili ile mpya ipate ubaridi wake. Hivyo baridi ikazidi juu ya baridi, hata Mei 1895 hewa ikadondoka kama maji, kwa baridi ya digrii 190 hivi chini ya sifuri.

Tarehe 5 Juni akaomba hati ya serikali, ile impayo mbuni haki ya peke yake juu ya kitu alichokibuni. Kumbe, tarehe 23 Mei, Mwingereza William Hampson, mtu aliyesomea sheria wala si ufundi, alikuwa amekwisha kuomba hati kwa njia ile ile! Kila mmoja alikuwa amefikiri peke yake. Mashine ya Hampson ilikuwa ndogo, nayo ndiyo iliyompa William Ramsay hewa ya maji aliyoitumia alipogundua gesi ya neoni mwaka 1898.

Lakini faida kubwa ilikuwa katika kutenga oksijeni na hewa, maana hutumika kuunga na kukata chuma. Mwaka 1902 Linde alifaulu. Mwaka huo huo Mfaransa Georges Claude akapata njia yake mwenyewe, akiifanya hewa isukume pistoni ili ipoe. Ndipo ugomvi wa hati ukawaka kati yao. Huko London, kampuni ya Brin, iliyoshika haki za Hampson, ilipatana na Linde mwaka 1906, ikaitwa British Oxygen Company.

Vita ya 1914 hadi 1918 ilimpotezea Linde mali nyingi ng'ambo. Hampson alikufa mwaka 1926, na Linde mwaka 1934, mwenye umri wa miaka 92. Katika vitabu vya sayansi njia ile huitwa kwa majina yao wawili.