Thomas Savery

Thomas Savery (takriban 1650 – Mei 1715) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kubuni pampu ya mvuke iliyokuwa ya kwanza kutengenezwa na kuuzwa kwa ajili ya kazi. Pampu hiyo haikuwa na pistoni, bali ilivuta na kusukuma maji kwa mapigo. Kanuni yake ilitumika tena baadaye katika pampu ya viwandani iitwayo pulsomita.

Maisha ya awali

Savery alizaliwa Shilstone, karibu na Modbury, katika eneo la Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Alikuwa mhandisi wa kijeshi. Mwaka 1696 alipata hataza ya mashine ya kung'arisha vioo na marumaru. Alibuni pia namna ya kuendesha meli kwa magurudumu ya makasia yaliyozungushwa na mabaharia, lakini jeshi la majini lilikataa kuitumia.

Tatizo la migodi

Wakati huo migodi ya bati, shaba na makaa ya mawe ilikuwa inazidi kwenda chini, na kadiri ilivyochimbwa ndivyo ilivyojaa maji. Maji yalitolewa kwa ndoo na pampu zilizoendeshwa na farasi au magurudumu ya maji. Gharama ilipozidi mapato, mgodi uliachwa hata kama madini yalikuwa bado yamo.

Savery alipata hataza ya kuinua maji kwa nguvu ya moto mwezi Julai 1698. Mwaka uliofuata alionyesha mashine yake mbele ya Royal Society mjini London, na Bunge likamwongezea muda wa hataza hadi mwaka 1733. Mwaka 1702 alieleza mashine hiyo katika kitabu chake The Miner's Friend, yaani rafiki wa mchimba madini.

Jinsi pampu ilivyofanya kazi

Mvuke kutoka kwenye boila ulijaza chombo kilichofungwa. Chombo kilipomwagiwa maji baridi kwa nje, mvuke uligeuka kuwa maji, na ndani kukabaki ombwe. Kanieneo ya angahewa ikasukuma maji ya mgodini yapande kupitia bomba na vali hadi ndani ya chombo. Kisha mvuke mpya uliingizwa na kuyasukuma maji hayo juu kupitia bomba la pili. Vyombo viwili vilipopokezana, kimoja kilivuta wakati kingine kinasukuma.

Mapungufu

Angahewa haiwezi kuinua maji kwa ombwe zaidi ya mita 10 hivi. Kwa hiyo mashine ilipaswa kuwekwa ndani ya shimo, karibu na maji. Umbali uliobaki ulitegemea nguvu ya mvuke: kusukuma maji mita 30 kulihitaji kanieneo ya takriban mara tatu ya ile ya angahewa. Maboila ya wakati ule hayakuweza kustahimili hali hiyo kwa usalama, na viungo vyake vilifunguka. Tena mvuke mwingi ulipotea kwa kugusa maji baridi, hivyo kuni na makaa mengi yalitumika. Pampu ilifaa zaidi kupeleka maji kwenye majumba na bustani kuliko kukausha migodi iliyokusudiwa.

Thomas Newcomen, pia wa Devon, alipata njia bora kwa kutumia silinda na pistoni. Injini yake ilianza kazi karibu na Dudley mwaka 1712. Kwa kuwa hataza ya Savery ilihusu kila namna ya kuinua maji kwa moto, Newcomen alilazimika kufanya kazi chini ya hataza hiyo. Savery alifariki miaka mitatu baadaye.

Urithi

Mwaka 1872 Mmarekani Charles Henry Hall alipata hataza ya pulsomita. Ina vyumba viwili kama vya Savery, lakini vali ya tufe huhama yenyewe kutoka chumba kimoja hadi kingine, bila mtu wa kufungua na kufunga. Kwa kuwa haina pistoni wala mashine ya kuiendesha, iliweza kuning'inizwa kwa mnyororo ndani ya shimo na kusukuma hata maji yenye matope na mchanga. Ilitumika migodini na kwenye uchimbaji wa misingi ya majengo. Kwa njia hiyo wazo la Savery lilirudi mashimoni, mahali lilipokusudiwa tangu mwanzo.