Mama Robert na mume wa safari

Waliowahi kwenda Bagamoyo wameuona mnara wa kanisa la zamani la misheni, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Mgeni huonyeshwa mahali ulipolazwa mwili wa Daktari David Livingstone, Februari 1874, baada ya Susi, Chuma na wenzao kuutoa Chitambo, katika Zambia ya leo, na kuufikisha pwani kwa miguu. Mprotestanti wa Uskoti akapokewa na mapadre Wafaransa, akaombewa. Kila nifikapo pale na waumini nasikia maswali yale yale: ya Stanley, ya Ujiji, ya biashara ya watumwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama marehemu alikuwa na mke.

Alikuwa naye. Mary Moffat alizaliwa mwaka 1821 huku huku Afrika, Griquatown, kusini mwa jangwa la Kalahari, akakulia katika misheni ya Kuruman. Baba yake, Robert Moffat, ndiye aliyeitafsiri Biblia nzima kwa Kitswana, na Mary alikizungumza Kitswana tangu utoto. Alijua kuoka mkate, kutengeneza sabuni na mishumaa, kushona, kufundisha watoto kusoma. Kwa kazi ya misheni ya porini, alikuwa ameiva kuliko huyo daktari kijana aliyeshuka melini mwaka 1841.

Livingstone alimfahamu Mary baada ya simba kumvunja mkono kule Mabotsa mwaka 1844. Alikwenda Kuruman kuuguza jeraha, akamposa Mary chini ya mlozi bustanini kwa wazazi wake. Walifunga ndoa Januari 1845.

Miaka ya mwanzo walijenga na kuhama, wakajenga tena, mpaka wakatulia Kolobeng kwa Chifu Sechele wa Wakwena. Mary alifungua shule ya watoto, na watu wakamwita Ma-Robert, yaani Mama Robert, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama tunavyoitana sisi. Mwaka 1848 Sechele alibatizwa baada ya kuwarudisha makwao wake zake wote isipokuwa mmoja. Miezi michache baadaye mmoja wa walioachwa akaonekana mjamzito, na Livingstone akamzuia chifu asishiriki meza ya Bwana. Alikuwa mkali katika ndoa ya mwenzake. Nami hupima ndoa za watu kila juma, kwa hiyo nayaandika haya nikijitazama.

Maana yake mwenyewe ilikuwa imeanza kuingia ufa. Mvua zilikatika Kolobeng, na macho ya daktari yalikuwa kaskazini, kwa watu ambao hawajasikia Injili. Mwaka 1850 alimchukua Mary, akiwa mjamzito, pamoja na watoto watatu wadogo, kwa magari ya kukokotwa na maksai, kuelekea Ziwa Ngami. Watoto waliugua homa. Waliporudi nyumbani Mary alijifungua binti, Elizabeth, aliyeishi wiki sita tu. Yeye mwenyewe alipooza upande mmoja wa uso.

Mwaka uliofuata akamchukua tena, mjamzito tena. Bibi Moffat, mama mkwe, aliandika barua kali ya kumzuia, lakini haikumzuia. Jangwani maji yaliwaishia, watoto wakalia kwa kiu, na kwa siku kadhaa baba hakujua kama wataona kesho. Livingstone mwenyewe aliandika baadaye kwamba mkewe hakumlaumu hata kwa neno moja. Machozi tu ndiyo yaliyomtoka. Walipata maji, wakafika mto Chobe, na njiani kurudi mtoto mwingine wa kiume akazaliwa kando ya mto.

Nasimama hapo kwenye ukimya wa Mary. Ofisini parokiani huja akina mama ambao waume zao si walevi wala wahuni. Ni viongozi wa jumuiya, ni wanakwaya, ni wajumbe wa halmashauri ya walei, watu ambao paroko hawezi kuendesha parokia bila wao. Mama wa namna hiyo hunieleza kwa sauti ya chini kwamba mumewe yupo kanisani siku zote na nyumbani hayupo. Huona haya kusema, kwa sababu akimshtaki mume ni kama anamshtaki Mungu. Mume mlevi ana mahali pa kupelekwa. Huyu atapelekwa wapi, na kwa nani, wakati mimi paroko ndiye ninayempangia vikao?

Aprili 1852, kule Cape Town, Livingstone aliwapandisha melini Mary na watoto wanne waende Uingereza, yeye akarudi porini. Ilikusudiwa iwe kwa miaka miwili. Ikawa minne na nusu. Katika miaka hiyo alifika Luanda kwenye bahari ya magharibi, akageuka, akayaona maporomoko makubwa ya Zambezi, akatokea Quelimane upande wa mashariki. Magazeti yalimsifu. Mary, aliyezaliwa Afrika, hakuwa na kwao kule. Alikaa kwanza kwa wakwe zake Hamilton, hawakuelewana, akatoka. Alihamahama na watoto, akiwaandikia wakuu wa Shirika la Misheni la London kuwaomba fedha. Imani yake iliyumba, akaanza kunywa pombe. Watu wa kanisa waliijua habari hiyo wakaisema pembeni. Wachache, wakiwemo Wakweka wa Kendal, walimfungulia mlango.

Hata hivyo, mume aliporudi Desemba 1856, Mary alikuwa amemwandikia shairi la kumkaribisha, akiamini hawataachana tena. Hilo ndilo linalonishinda kila nikisoma maisha yake. Alikuwa bado anampenda.

Machi 1858 waliondoka pamoja kwa ajili ya safari ya mto Zambezi. Ndani ya meli ikagundulika kuwa Mary ni mjamzito, akashushwa Cape Town, akaenda kujifungulia Kuruman kwa wazazi. Mumewe aliendelea mtoni na boti ya mvuke aliyoipa jina la mkewe, Ma Robert. Boti ilivuja, ikala kuni bila kiasi, na mwishoni mwa 1860 ikazama. Mary alirudi Uskoti na kitoto chake, Anna Mary. Huko huzuni, pombe na mashaka ya imani vilimrudia, hadi akaona afadhali amfuate mume popote alipo. Akawaacha watoto, akapanda meli.

Alifika kwenye mdomo wa Zambezi mwanzoni mwa 1862. Walikwama wiki nyingi katika ukanda wa mbu, na hao waliokuwa safarini wakaanza kunong'ona juu yake. Miezi mitatu haikutimia. Aliugua homa, na jioni ya Jumapili, tarehe 27 Aprili, alikufa katika nyumba moja huko Shupanga, Msumbiji ya leo, juu ya kitanda kilichopangwa kwa masanduku. Alikuwa na miaka 41. Livingstone, mtu asiyelia mbele za watu, alilia kama mtoto. Walimzika chini ya mbuyu. Katika miaka 17 ya ndoa, karibu nusu hawakuwa pamoja.

Sitaki kumhukumu Livingstone. Aliuanika ukatili wa biashara ya watumwa mbele ya ulimwengu, na wapo watu walioachiwa minyororo kwa sababu yake. Wala mimi nisiye na mke sijui uzito wa kugawanyika hivyo. Lakini nadhani alijidanganya katika jambo moja: alihesabu mateso ya Mary kama sadaka yake yeye. Nadhiri waliyoiweka Kuruman waliiweka wawili mbele ya Mungu yule yule aliyemwita kaskazini.

Mwenyewe alikuja kuandika kwamba anajutia kutocheza na watoto wake. Robert, mtoto ambaye mama aliitwa kwa jina lake, alivuka kwenda Marekani, akajiandikisha kwa jina la uongo katika jeshi la Kaskazini, akafa mfungwa wa vita mwaka 1864, kijana wa miaka 18. Mwaka huo huo baba alirudi Uskoti na kumwona kwa mara ya kwanza binti yake Anna Mary, ambaye sasa alikuwa na miaka mitano. Alikaa mwaka mmoja hivi. Agosti 1865 akaondoka tena, akapitia India, akashukia Zanzibar, akashika njia ya bara ambayo ingemfikisha Ujiji. Binti hakumwona tena.