Okot p'Bitek: Mwalimu wa Kwaya Aliyeleta Ngoma Mjini



Kamati ya jubilei iliponiomba niandike maisha ya mtu mmoja wa zamani aliyejaliwa kipawa cha uimbaji, nadhani wengi walitarajia jina la mmisionari au la mtunzi wa nyimbo za tenzi. Nimemchagua Okot p'Bitek. Najua wako watakaoshangaa, kwa sababu mtu huyu alilikosoa kanisa bila huruma na hakufa akijiita Mkristo. Lakini kabla jina lake halijavuma alikuwa mwalimu wa kwaya ya shule, na mji wetu wa Kisumu una deni kwake ambalo wachache tu wanalikumbuka.

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Ni Mwacholi, kwa hiyo ni ndugu yetu wa lugha. Baba yake, Opii Jebedyo, alikuwa mwalimu na msimuliaji hodari wa hadithi. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji, mtunzi na mchezaji ngoma mwenye sifa. Wale wenzangu wa sauti ya kwanza wanaojua walijifunza kuimba mgongoni mwa mama wataelewa mtoto huyu alitoka wapi. Nyumbani kwao dini ya misheni na nyimbo za Kiacholi zilikaa chini ya paa moja, na mtoto akakua akizijua zote mbili.

Alisoma Gulu, kisha King's College Budo karibu na Kampala, ambako aliandika opera akiwa bado mwanafunzi. Baada ya kusomea ualimu Mbarara alirudi kufundisha katika shule ya Sir Samuel Baker karibu na Gulu. Huko alifundisha Kiingereza na somo la dini, na kwaya ilikuwa mikononi mwake. Mwaka 1953, akiwa na miaka 22, alichapisha riwaya kwa Kiacholi iitwayo Lak Tar. Msomaji anayejua Dholuo hahitaji kuambiwa kwamba neno lile la kwanza ni meno.

Mguu wake ndio uliompeleka Ulaya. Alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya Uganda iliyokwenda Uingereza mwaka 1956, timu ambayo iliwashangaza Waingereza kwa kucheza bila viatu. Wenzake waliporudi nyumbani yeye alibaki kusoma: elimu huko Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford. Katika miaka hiyo imani yake ya Kikristo ilizimika. Na huko Oxford aligombana na walimu wake kwa sababu ya maneno waliyotumia darasani walipowataja Waafrika, maneno kama washenzi na watu wa kale wasiostaarabika. Aliona kwamba wasomi wale na wamisionari wengi walifanana kwa jambo moja: walifika kwa watu wakiwa wameshaamua kwamba watu hao hawana kitu.

Aliporudi Uganda alipewa kazi katika idara ya Makerere iliyofundisha watu wazima mbali na chuo, akawekwa Gulu. Hapo ndipo alipoanza kazi ambayo mimi naihesabu kuwa kubwa kuliko vitabu vyake, ingawa vitabu ndivyo vilivyompa jina. Pamoja na marafiki zake alianzisha tamasha la sanaa la Gulu. Ngoma za Waacholi, bwola ya ikulu ya chifu na larakaraka ya vijana wanaotafuta wachumba, zikapata mahali pa kuchezwa na kutazamwa mjini kama sanaa yenye heshima yake. Zamani mtu wa mjini alizitazama ngoma hizo kama kitu cha kijijini, cha kuachwa kituo cha basi pamoja na vumbi.

Mwaka 1966 shirika la East African Publishing House la Nairobi lilitoa Song of Lawino, shairi refu alilolitunga kwanza kwa Kiacholi. Ni malalamiko ya mke ambaye mume wake amesoma na sasa anamwonea haya yeye, chakula chake, nywele zake na ngoma yake. Mle ndani kanisa linachapwa sana, hasa mafundisho yanayokaririwa kwa maneno ambayo mwanafunzi haelewi. Nilipokisoma chuoni nilikifunga mara mbili kwa hasira. Mara ya tatu nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tukiimba Kilatini na Kiingereza bila kujua tunamwambia Mungu nini, nikaendelea kusoma mpaka mwisho.

Mwaka huohuo wa 1966 alifanywa mkurugenzi wa Kituo cha Utamaduni cha Uganda, na Jumba la Taifa la Maigizo la Kampala likawa chini yake. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1959, liko katikati ya mji, na lilijengwa vizuri. Tatizo lake lilikuwa moja. Vikundi vilivyolitumia zaidi vilikuwa vya wageni, michezo ilikuwa ya Kizungu, na Mganda wa kawaida alilipita njiani akielekea sokoni bila kudhani kwamba lina jambo naye. Okot alilifungulia mlango vikundi vya ngoma na waimbaji kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Kwa maoni yake jukwaa la taifa lisilo na ngoma za taifa ni nyumba ya mtu mwingine.

Hakukaa. Alipoteza kibali kwa serikali ya Milton Obote, akaachishwa kazi, naye akavuka mpaka kuja Kenya. Hasara ya Kampala ikawa faida yetu. Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati ule kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilimpa kazi ya kufundisha watu wazima huku magharibi, na ofisi yake ikawa Kisumu.

Tazameni alichokikuta. Kisumu ya wakati ule ilikuwa mji wa reli, bandari na maduka ya Wahindi. Nyatiti na orutu zilikuwa nje ya mji, kwenye matanga na kwenye maboma. Hapakuwa na jumba la maigizo kama la Kampala. Okot hakungoja lijengwe. Mwaka 1968 alianzisha Tamasha la Sanaa la Kisumu, akifuata njia ileile aliyoijaribu Gulu: wenye sanaa waitwe, mji uje uwatazame. Oktoba mwaka huohuo kule Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba, mtafiti wa nyimbo za Kijaluo, walikuwa wakiandika hoja kwamba chuo kiache kuweka fasihi ya Kiingereza katikati ya kila kitu. Wao waligombania darasa. Okot aligombania barabara na uwanja, na mimi, ingawa ni mwalimu, naona kazi yake ilikuwa ngumu zaidi. Darasa lina orodha ya mahudhurio. Tamasha halimlazimishi mtu.

Niseme kidogo la kwetu hapa Otonglo. Tulipoanza kupanga jubilei hii, nilitumwa mjini kutafuta ukumbi wa tamasha la kwaya. Nilizunguka siku mbili. Kila mahali niliulizwa kwanza kama ni semina, na bei niliyotajiwa ilikuwa ya watu wenye semina. Mahali pamoja waliniambia vyombo vya Kiafrika vitasumbua wageni wa vyumbani. Ndiyo sababu jubilei tunaifanyia kanisani na uwanjani, na ndiyo sababu pia nilirudi nyumbani nikamtoa Okot kwenye rafu.

Vilevile wazee wetu hawajasahau majadiliano marefu yaliyotangulia kabla orutu haijaruhusiwa ndani ya ibada. Wengine walisema ni chombo cha pombe. Sitaki kufufua ugomvi uliokwisha, na waliopinga walikuwa watu waliolipenda kanisa. Nasema tu kwamba Okot angeijua hoja ile neno kwa neno, kwa kuwa alikuwa ameisikia tangu Gulu.

Amani ya mji haikudumu. Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo, Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali tunayoiita Russia, risasi zilipigwa na watu wakafa katika mji uleule. Wanaouliza kwa nini sanaa ya Kisumu ilichelewa kusimama wasiisahau siku ile. Watu wakiogopa kukusanyika, tamasha linakufa kabla ya ngoma kuwambwa. Okot naye mwaka ule alikwenda Iowa, Marekani, kwa mwaliko wa waandishi. Wer pa Lawino, ile tungo ya asili ya Kiacholi, ilitoka mwaka huo wa 1969, na Song of Ocol, jibu la mume, ikatoka mwaka 1970.

Kuanzia 1971 alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Kiafrika, Chuo Kikuu cha Nairobi. Idi Amin alikuwa ameshika Uganda, kwa hiyo nyumbani hapakurudika. Mwaka 1972 alipata tuzo ya Jomo Kenyatta kwa Two Songs. Alikusanya nyimbo za Waacholi katika Horn of My Love, mwaka 1974, na miongoni mwake zimo nyimbo za misiba ambazo mtu wa Kijaluo anazitambua kwa mwendo wake hata kabla ya maneno. Alikuwa mtu wa vicheko, mbishi, mpenda kinywaji; sitamfanya mtakatifu. Alifundisha Ife huko Nigeria, na Amin alipoanguka mwaka 1979 akarudi Makerere.

Alifariki Kampala Julai 1982, akiwa na miaka 51. Miaka minne baadaye, 1986, insha zake zilitolewa katika kitabu Artist, the Ruler. Humo anadai kwamba watawala halisi wa jamii ni watunzi wa nyimbo na wasimuliaji, kwa sababu wao ndio wanaotupa mawazo ya jema na baya ambayo baadaye serikali huyaandika kuwa sheria.

Nakala yangu ya Wer pa Lawino nitaileta kwenye mazoezi ya Alhamisi. Ni ya Kiacholi, lakini mwenye Dholuo akisoma kwa sauti na bila haraka atayatambua maneno mengi, kuanzia hilo la kwanza la jina lake. Atakayeichukua aandike jina kwenye daftari langu, na tafadhali airudishe.